Tulikuwa 22–13 dakika ya 60, tukafungwa 22–27. Nne bora bado ipo?

Nahodha_N8

Wakuu, salaam. Naleta mechi ya wikendi hapa ili wanaoijua raga watusaidie kuisoma. Ni raga ya wachezaji 15, ligi ya ridhaa, timu 10, nyumbani na ugenini. Tumecheza 12, zimebaki 6. Tumeshinda 6, tumefungwa 6, bonasi 7, jumla pointi 31, nafasi ya tano. Wa nne ana 37 (ameshinda 8, bonasi 5). Nne bora ndio wanaingia nusu fainali, na Jumamosi hii tunakutana na huyo huyo wa nne, kwetu. Pointi ni za kawaida: kushinda 4, sare 2, bonasi 1 kwa trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la mpinzani) 4 au zaidi, bonasi 1 kwa kufungwa kwa tofauti isiyozidi 7.

Karatasi ya mechi iliyopita inasema hivi:

Hadi dakika ya 60 tulikuwa na trai 3 (alama 5 kila moja), konvesheni 2 (mkwaju wa alama 2 baada ya trai) na penalti 1 (alama 3). Wao trai 2 na penalti 1. Baadaye wakafunga trai mbili zenye konvesheni, dakika ya 66 na ya 77. Wameondoka na pointi 5 za ligi, sisi na 1.

Lainiauti zetu (mpira ukitoka nje, unarushwa kati ya mistari miwili ya warukaji) zilikuwa 13, tukashinda 8. Kati ya 5 zilizopotea, 4 zilirushwa kwa mtu wa nyuma kabisa.

Skramu (watu wa mbele wa pande mbili wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira): hatukusukumwa kipindi cha kwanza. Propu namba 3 (wa kulia kwenye mstari wa mbele wa skramu) alitoka dakika ya 58. Baada ya hapo skramu 5, penalti 3 dhidi yetu.

Penalti zote tulizofanya ni 14. Kadi ya njano moja dakika ya 63, flanka wa kulia (anayefunga ubavu wa skramu), makosa ya kurudiarudia kwenye raki (wachezaji wanaposukumana juu ya mpira ulio chini). Mikwaju ya penalti langoni 3, imeingia 1. Kikosi cha siku kilikuwa watu 18.

Tuna mazoezi mawili kabla ya mechi, Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu kila siku. Tuanzie wapi? Na kimahesabu, nne bora ipo au tuanze kujenga ya mwakani?

---

PropuWaKulia

Mkuu, mechi hiyo iligeuka dakika ya 58, si ya 66. Skramu 5 na penalti 3 maana yake wapinzani walikuwa na lifti ya bure: penalti, mpira nje karibu na mita 5 zenu, moli (kundi linalomsukuma mbele mwenye mpira akiwa wima). Niambie mambo mawili kwanza. Trai zao za mwisho zilianzia wapi? Na aliyeingia badala ya namba 3 siku zote anacheza upande gani?

---

Nahodha_N8

Ya dakika ya 77 ndiyo hiyo hiyo, lainiauti ya mita 5 baada ya penalti ya skramu. Ya dakika ya 66 walipita upande wetu wa kulia, flanka akiwa nje na kadi. Aliyeingia ni namba 1 wa siku zote. Refa alimwadhibu mara mbili kwa kushika mkono wa mpinzani na mara moja kwa kuangusha skramu.

---

PropuWaKulia

Hapo sasa. Watu wengi hudhani propu ni propu, lakini namba 1 na namba 3 ni kazi mbili. Namba 1 ana upande mmoja wa kichwa ulio wazi, anasukuma kwa bega la kulia zaidi. Namba 3 kichwa chake kinaingia katikati ya namba 1 na huka (namba 2, wa katikati ya mstari wa mbele) wa upande wa pili, anabebeshwa mabega yote mawili. Ukimhamisha namba 1 kuja kulia anakuja na mazoea yake: anatafuta kuzama chini ya kifua cha mwenzake na kupandisha. Asipopata nafasi, kiwiko cha kulia kinashuka, kiganja kinatua kwenye mkono wa mpinzani badala ya jezi, nyonga zinaponyoka kwenda nje, kisha skramu inakaa chini. Refa aliyesimama upande ule kitu cha kwanza kukiona ni kile kiwiko. Kikielekea nyasi, filimbi inalia hata kama aliyevuta ni yule mwingine.

Jumanne tengeni dakika 35 kwa watu wa mbele na maloki (wawili wa mstari wa pili wa skramu). Mashine ya skramu haihitajiki.

Anzeni kwa mikono na magoti chini, kisha magoti yainuke ngumi moja kutoka ardhini, mgongo umenyooka, macho yakitazama mbele. Shikilia sekunde 20 huku mwenzako anakusukuma mabega taratibu kutoka pande tofauti. Mara 4. Anayeshindwa kukaa sekunde 20 bila mgongo kupinda hawezi kukaa kwenye skramu ya sekunde 8.

Kisha mmoja kwa mmoja, namba 3 dhidi ya namba 1, kwa mwendo wa polepole, kwa miito ya refa: krauchi (inama), baindi (shika), seti (ingia). Mara 10 bila kusukuma. Mkono wa kulia wa namba 3 unapita nje ya mkono wa kushoto wa namba 1, kiganja kinashika jezi mgongoni au ubavuni, kiwiko kiko juu usawa wa bega. Kwenye "baindi" msaidizi asimame pembeni aangalie kitu kimoja tu, kiwiko. Kikishuka mnaanza upya. Miguu iwe sambamba, upana wa mabega, njumu zote ardhini, goti wazi kidogo kupita pembe mraba, na mabega yasiwe chini ya nyonga hata sekunde moja.

Malizieni kwa watatu dhidi ya watatu wakiwa na maloki nyuma, mara 6, sekunde 5 za nguvu kila moja. Shingo zikianza kuchoka mnaacha, hata kama mmefika ya nne. Skramu ya mazoezi na shingo iliyochoka ndiyo inayovunja watu.

Kuna mawili mengine ambayo timu za ridhaa huyasahau. Loki mzito akae nyuma ya namba 3, si nyuma ya namba 1. Na flanka wa kulia ndiye anayezuia nyonga ya namba 3 isifunguke: bega lake linakaa chini ya kalio la propu, anasukuma kwa pembe kuelekea ndani, na haondoki mpaka mpira utoke. Nyinyi kuanzia dakika ya 63 hadi 73 hamkuwa na mtu huyo kabisa! Namba 3 mgeni, tena bila flanka. Mkipata kadi tena, mrudisheni senta au winga aje kushikilia upande wa kushoto wa skramu, na flanka wa kweli ahamie kulia. Sheria inawaruhusu kupunguza watu kwenye skramu mkiwa 14, lakini msipunguze kulia.

Mpira ukiwa wenu na mnasukumwa, msijaribu kuukalia. Huka aupige upite kati ya miguu ya namba 1, utokee kati ya loki wa kushoto na flanka, namba 9 (anayeuingiza na kuuchukua mpira wa skramu) aukute ndani ya sekunde 2. Namba 9 anaruhusiwa kulinganisha bega lake la kushoto na mstari wa kati ya skramu, kwa hiyo anasimama karibu zaidi na huka wake kwa upana wa bega. Wengi hawaitumii nafasi hiyo.

---

TupaMojaKwaMoja

Naafiki kuhusu skramu, ila 8 kati ya 13 kwenye lainiauti ni jeraha kubwa kuliko unavyolionyesha. Nne kati ya tano zimepotea nyuma, kwa hiyo dawa ni kufuta miito ya nyuma (alama za siri za nani arushiwe) wiki hii. Msijaribu kuirekebisha kwa mazoezi mawili. Tupo la nyuma linasafiri kama mita 13 hadi 15, upepo mdogo unalipindisha, na mpinzani anapata muda wa kulisoma na kuruka.

Bakini na miito mitatu tu. Mmoja wa mbele, mrukaji wa kwanza, mpira wa kasi na bapa. Wa pili wa katikati. Wa tatu ni lainiauti ya watu watano ambapo mrukaji wa katikati anajifanya anasogea nyuma kisha anarudi mbele hatua mbili. Ndani ya mita 22 zenu tumieni wa mbele peke yake. Ndiyo, mpira wa mbele unawapa mabeki nafasi finyu, lakini pale hamtaki mabeki wacheze, mnataka namba 9 apige mpira nje.

Kosa la wakati ndilo linaloua zaidi kuliko mkono wa huka. Mtupaji anasubiri amwone mrukaji hewani ndipo aachie, mpira unafika jamaa akiwa anashuka. Mpira utoke mikononi wakati mrukaji anakanyaga hatua yake ya mwisho. Wanyanyuaji wanaweza kumshika kabla, wa mbele si chini ya mapaja, wa nyuma si chini ya bukta, ila wasimpandishe kabla mpira haujatoka.

Huka afike dakika 20 kabla ya wenzake siku zote mbili. Asimame mita 6 kutoka mlingoti wa goli, atupe 20 akilenga mlingoti juu ya mtambaapanya, ambao uko mita 3 kutoka chini, kwa kuwa mikono ya mrukaji aliyeinuliwa hufika juu ya hapo. Halafu 20 kutoka mita 10. Hesabuni zinazogonga mlingoti. Chini ya 12 kati ya 20 kutoka mita 6, hata mwito wa katikati upunguzeni.

Na mpime upepo wa mpira wenyewe! Sheria inataka kilopaskali 65.71 hadi 68.75. Mpira uliolegea hauzunguki vizuri ukitoka mkononi, unayumba na kuanguka kabla ya mrukaji. Mipira mingi ya mazoezi imelegea, huka anajizoesha nguvu ya mpira mlegevu, Jumamosi anapewa mpira mgumu unapita juu ya vichwa vya watu wote. Hapo ndipo "tupo la nyuma" hutokea bila hata kuitwa.

---

FilimbiYaJumamosi

Penalti 14 ni nyingi mno. Timu inayotaka nne bora ishuke hadi 9 au 10, na kushuka kwenyewe hakuhitaji kipaji chochote.

Chukua karatasi, ugawe hizo 14 kwa aina. Umeshasema 3 ni za skramu, zinabaki 11. Kwenye ligi za ridhaa nyingi ya hizo 11 huwa ni za aina nne. Mkabaji haondoki eneo la mpira baada ya kuangusha. Msaidizi wa mkabaji, yule aliyebaki wima, hamwachii kwanza aliyekabwa kabla ya kuweka mikono kwenye mpira. Lazima refa auone mkono ukiachia waziwazi. Mtu anaingia raki kwa ubavu badala ya kupitia nyuma ya mguu wa mwisho wa mwenzake. Na kuotea, ambako karibu kila mara ni mtu wa pili au wa tatu kutoka kwenye raki anayetazama mpira badala ya kutazama mstari wake.

Dawa ya kuotea: mtu aliye karibu na raki pande zote mbili ainue mkono na kuita "mstari", wengine wote wasimame hatua moja kamili nyuma yake. Hatua moja hiyo mnaipoteza kwa sekunde nusu, lakini mnaokoa penalti tatu. Kwenye skramu mabeki wawe mita 5 nyuma ya mguu wa mwisho, na refa wengi wa ridhaa hulitazama hilo kuliko mnavyodhani kwa sababu ni rahisi kuliona.

Kadi ya makosa ya kurudia haiji ghafla. Refa huwa amemwita nahodha mara moja. Penalti ya pili ya aina ile ile, nahodha asubiri mchezo usimame, aende peke yake, aulize: "Mwamuzi, ni mtu gani na nini hasa tubadilishe?" Kisha awaambie wachezaji wake kwa namba, si kwa jumla. "Jamani tulieni" haimsaidii mtu. "Namba 7, kwa dakika 10 usiguse mpira kwenye raki" inasaidia.

Kuhusu kukaba: kugusa juu ya mabega ni hatari popote, na vyama vingi vimeshusha urefu wa kukaba hadi chini ya mfupa wa kifua kwa mchezo wa ridhaa. Soma kanuni za ligi yako. Kama ni hivyo kwenu, mazoezi ya kukaba yaanzie kwenye magoti ya mkabaji: asipokunja magoti mita 2 kabla, atapiga kifua au shingo tu, hana njia nyingine.

---

DaftariLaPointi

Nakuja kwenye swali la pili. Ipo, lakini yote inapitia Jumamosi hii.

Wa nne anakusanya 37 kwa mechi 12, yaani kama 3.1 kwa mechi. Mkimfunga bila kumpa bonasi na nyinyi mkachukua bonasi ya trai, jedwali linasoma 36 kwa 37. Mkimfunga kwa shida, bila bonasi yenu, naye akafungwa ndani ya 7, ni 35 kwa 38. Kutoka hapo akiendelea na mwendo wake atamaliza kama 52 au 53. Ili mfike 54, nyinyi kwenye 36 mnahitaji 18 kwa mechi 5: ushindi 4 na bonasi 2. Kwenye 35 ni ushindi 4 na bonasi 3. Ni kazi, lakini timu yenye bonasi 7 kwa mechi 12 inaijua.

Mkifungwa na kupata bonasi 1, naye akichukua 5, ni 32 kwa 42. Kwa mwendo wake atamaliza 57, na nyinyi mtahitaji 25 kati ya 25 ili tu mlingane naye. Kwa hiyo msipange "tukifungwa tufungwe kidogo" Jumamosi hii. Bonasi ya kufungwa kwa mechi hii haina thamani yake ya kawaida. Na hakikisha kanuni ya kutenganisha timu zenye pointi sawa: ligi nyingine huanza na idadi ya ushindi, nyingine na tofauti ya alama. Mkiwa sawa naye na kinachoangaliwa ni ushindi, yeye anawaongoza kwa mbili.

Sasa penalti: kupiga langoni au kona (kuupiga mpira nje karibu na mstari wao wa goli ili mpate lainiauti)? Chukueni mkwaju wa mita 30 mbele ya goli. Mpigaji wa kawaida akiingiza 65 kwa 100, kila mkwaju una thamani ya 1.95. Kona: lainiauti yenu ya wiki iliyopita ni 62 kwa 100. Tuseme mkiupata mpira mita 5 mnafunga trai mara 40 kwa 100, na trai pamoja na konvesheni tuihesabu 6, maana mpira wa moli huangukia pembeni na konvesheni inapigwa kutoka mstari huo huo wa pembeni. 0.62 mara 0.40 mara 6 ni kama 1.5. Pigeni langoni. Lainiauti ikifika 80 kwa 100 inakuwa 1.9, ndipo mambo yanalingana.

---

PropuWaKulia

Hesabu nzuri, mkuu, lakini hujaweka kitu kimoja: kona mbili mfululizo huleta kadi. Timu inayoangusha moli mita 5 mara mbili inabaki 14, na hiyo haimo kwenye 1.5 yako. Ningepiga langoni penalti mbili za kwanza, kisha kona kuanzia dakika ya 30 kama refa ameshawaonya.

---

DaftariLaPointi

Nakubali kwa sharti moja: mwito wa mbele uwe umeshashinda mara 3 siku hiyo. Kama huka anayumba, hakuna kadi itakayokuja kwa sababu hakutakuwa na moli.

Nyongeza kuhusu zile 22–13. Uongozi wa 9 unamlazimu mpinzani afunge mara mbili. Penalti moja zaidi inaufanya 12, na hapo mara mbili zenyewe lazima ziwe trai, tena angalau moja na konvesheni ili alingane, na zote mbili ili apite. Mmekosa mikwaju miwili, na 6 hizo zingewafikisha 28. Mpigaji wenu apige 15 baada ya mazoezi, miguu ikiwa imechoka, kutoka pale pale mlipokosea. Kupiga 30 kabla ya mazoezi hakufanani na dakika ya 55.

Na muda ukiisha mkipewa penalti, mchezo haujafa: mnaweza kuupiga mpira nje na lainiauti itachezwa. Mkiwa na trai 3 na mnaongoza, hapo ndipo pa kutafuta ya nne, kwa sababu mpira ukipotea kwa kosa dogo mchezo unaisha mkiwa washindi. Angalieni tu msifanye penalti, hiyo inawapa wao nafasi ya kuendelea.

---

BegiLaHudumaYaKwanza

Namba 3 alitoka kwa nini? Kama ni kichwa, hayumo Jumamosi. Mchezo wa ridhaa hauna kupimwa pembeni na kurudi: anayeshukiwa mtikisiko wa ubongo anatoka na harudi siku hiyo, na mwongozo wa World Rugby kwa ridhaa unataka siku zisizopungua 21 kabla ya kucheza tena, kwa hatua, akiwa hana dalili.

---

Nahodha_N8

Si kichwa. Misuli ya shavu la mguu ilikakamaa, miguu yote miwili, ndani ya skramu. Jumapili alikuwa anatembea vizuri. Na nimeuliza ligi: mabadiliko ya mzunguko yanaruhusiwa, aliyetoka anaweza kurudi. Je, tumwanzishe au tumweke benchi aingie dakika ya 45?

---

BegiLaHudumaYaKwanza

Kukakamaa miguu yote miwili dakika ya 58 ni uchovu zaidi kuliko jeraha. Jumanne afanye skramu za polepole tu, Alhamisi asisukume kabisa, atembee miito. Aanze kunywa maji tangu asubuhi ya mechi, asingoje kiu. Kabla ya mechi apandishe visigino mara 15, seti 2, na kukimbia kwa kuongeza kasi. Kuvuta misuli kwa muda mrefu akiwa amesimama hakumsaidii pale.

---

PropuWaKulia

Mwanzishe. Namba 3 anayeingia dakika ya 45 anakuta wapinzani wameshazoea kumsukuma mwenzake, na refa ameshaweka picha kichwani ya nani ni dhaifu. Picha hiyo haifutiki. Ila kwa kuwa kuna mzunguko, mtoe dakika ya 35 kabla hajachoka, apumzike hadi dakika ya 52, na mapumziko ya katikati yanaongezeka humo bila gharama. Atapata karibu dakika 30 za kupoa, kisha arudi kumaliza dakika 28 ngumu. Dakika 4 kabla ya kurudi awe anakimbia pembeni na kufanya ile ya magoti ngumi moja kutoka ardhini, asiinuke tu kutoka kwenye kiti na kuingia krauchi.

Kati ya dakika ya 35 na 52 namba 10 wenu (anayeongoza mashambulizi) apunguze skramu: apige mpira nje mbali, asiwape mabeki pasi ndefu, kwa sababu kila mpira ulioangushwa mbele ni skramu ya wapinzani dhidi ya namba 3 wa mkopo.

---

FilimbiYaJumamosi

Mkifanya hivyo hesabuni mabadiliko. Sheria inaruhusu ligi kuweka mzunguko usiozidi mabadiliko 12, na ligi nyingi huweka chini ya hapo. Kutoka na kurudi kwa mtu mmoja kunakula mawili.

Muhimu kuliko yote, ile karatasi ya majina. Kikosi cha watu 16 hadi 18 kinatakiwa kuwa na wachezaji 4 waliofundishwa mstari wa mbele, 19 hadi 22 ni 5, na 23 ni 6. Mkienda na 18 tena, yule wa nne ni mmoja tu, na namba 3 akiumia kweli mko pale pale. Tafuteni wa tano muwe 19. Asiyefundishwa msimwingize mbele hata kama ana kilo 120. Semeni kwa refa, skramu zichezwe bila kusukumana, na mjue mapema kanuni ya ligi yenu inawatoza nini kwa hilo, maana nyingine hairuhusu aliyetoka kujazwa nafasi.

Pia mstari wa mbele akipewa kadi, mchezaji mwingine yeyote anatoka ili propu wa akiba aingie. Amueni leo nani atatoka, msianze kubishana uwanjani. Mimi ningemtoa winga wa upande wa mbali na skramu inayofuata, na fulbeki apande kujaza.

Kando ya kila jina la mstari wa mbele andikeni nafasi anazoweza: 1, 2 au 3. Refa atawauliza kabla ya mechi kuanza. Yule namba 1 mkimwandika "1 na 3", mmesema yuko tayari, na ndiye atakayeitwa kuingia kulia. Kama Jumanne kiwiko chake bado kinashuka, andikeni "1" peke yake.